Kuchunua Rangi ya Shoki: Mwongozo Kamili wa Modeli ya Ki-44, Kuanzia Fedha Hadi Kijani

Picha ninazotumiwa na wasomaji zinafanana. Ndege ya modeli imeunganishwa vizuri, viungo havionekani, fedha inang'aa, halafu ikafika siku ya kuchunua kijani, yaani kukitoa vipande vidogo ili fedha ya chini ionekane na ndege ionekane imechakaa, na kila kitu kikaharibika. Kwa mmoja kijani kimeng'ang'ania, hakitoki hata kwa kukwangua. Kwa mwingine kimetoka chote kwa mkupuo, bawa zima limebaki tupu. Kwa wa tatu kimetoka, lakini madoa yametapakaa kwa ukubwa ule ule kila mahali, ndege ikaonekana kama imeshikwa na surua.

Mwongozo huu unashughulikia kazi hiyo. Nimechukua Nakajima Ki-44 Shoki, ndege ya kivita ya Japani ya Vita vya Pili vya Dunia, toleo la II Hei, kwenye seti ya Hasegawa ya kipimo cha 1/48. Zero, ile ndege maarufu ya kivita ya Japani, inajengwa na kila mtu. Shoki haijulikani sana, na yenyewe ilichunuka kwelikweli: nyingi zilitoka kiwandani zikiwa alumini tupu, kijani kikaja kupakwa baadaye, mara nyingi huko huko vikosini, bila undakoti. Jua, mvua, changarawe za viwanjani na viatu vya mafundi vikamalizia. Leo hakuna Shoki nzima iliyobaki duniani, kwa hiyo wa kutuongoza ni picha za wakati ule. Historia naiacha hapo.

Ukiimudu kwenye Shoki, utaimudu pia kwenye ndege nyingine za kivita za Japani, Ki-61 Hien na Ki-43 Hayabusa.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Kuna hatua moja humu ambayo haikuruhusu kusimama katikati ukatafute kitu.

- Seti yenyewe, koleo ndogo ya kukatia vipande, kisu chenye wembe wa kubadilisha, kibano.
- Gundi nyembamba ya plastiki, na supaglu kidogo. Puti ya modeli.
- Msasa wa maji namba 400, 800, 1500 na 2000.
- Eabrashi, yaani bunduki ndogo ya rangi inayoshikwa kama kalamu, yenye tundu la milimita 0.3, pamoja na kompresa yenye geji.
- Rangi za laka: nyeusi ya kung'aa, fedha (Mr. Color 8 au Tamiya LP-11 zinafaa), nyekundu, nyeupe. Thina ya laka.
- Rangi ya akriliki: Tamiya XF-13, kijani cha jeshi la nchi kavu la Japani.
- Spree ya nywele ya kopo, ile ya kukaza nywele. Itakaa kati ya fedha na kijani, na maji yakiilainisha kijani kinatoka. Isiwe ya mafuta wala ya kung'arisha.
- Maji ya uvuguvugu, spiriti, vijiti vya meno, sindano, brashi mbili kuukuu zilizokatwa nywele zikabaki fupi na ngumu.
- Tepu ya kuzibia ya modeli, sponji ya godoro, glavu nyepesi, vijiko vya plastiki.
- Vanishi ya laka ya nusu mng'ao.
- Barakoa yenye chujio la mkaa. Thina ya laka si ya kuvuta, na haikai chumba kimoja na jiko linalowaka.

Ukiagiza kutoka nje, kumbuka kwamba laka, thina na makopo ya spree huhesabiwa mizigo hatari kwenye ndege, na wauzaji wengi hawazitumi kwa njia hiyo. Seti inaweza kukufikia, rangi isifike. Ulizia rangi kwanza.

## Hatua ya 1: Kijiko kabla ya ndege

Chukua vijiko vinne vya plastiki. Vipulizie fedha, viache usiku kucha. Kesho yake pitisha spree ya nywele mara moja kwenye cha kwanza, mara mbili kwenye cha pili, mara tatu kwenye cha tatu; cha nne usikiguse. Vipige vyote kijani, kisha ujaribu kuchunua.

Kila spree ya nywele ina tabia yake, na hali ya hewa ya kwako si ya kwangu. Kijiko kitakuambia mapito mangapi yanafaa. Kile cha nne kitakuonyesha kijani kisicho na kitu chini yake kinavyogoma, ili ukikutana na mgomo huo kwenye ndege uutambue mara moja. Wengi wanaruka hatua hii, na wengi wa wanaoniandikia ni hao walioiruka.

Imefaulu ukiwa na kijiko kimoja ambacho kijani kinatoka vipande vidogo vyenye kingo kali, na fedha ya chini haijakwaruzika.

## Hatua ya 2: Kuunganisha

Nitapita haraka, karatasi ya maelekezo inatosha. Osha fremu za plastiki kwa maji na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kiwandani hufukuza rangi. Jaribu kila kiungo bila gundi kwanza.

Mahali pa kutulia ni kwenye mzizi wa bawa, pale bawa linapokutana na bodi. Macho yote yatatua hapo, na ndipo tutakapochunua zaidi. Ukibakiza mwanya, jaza puti, piga msasa, kisha urudishie kwa sindano mistari ya mabati iliyofutika.

Usiweke miguu, propela wala bomba la kupimia mwendo kwa sasa. Vyote vitavunjika ukiwa unashika ndege. Kioo cha rubani kibandike na kukiziba kwa tepu.

## Hatua ya 3: Msasa na nyeusi

Fedha haisamehe. Mkwaruzo ambao kijani kingeuficha, fedha itautangaza. Malizia msasa kwa namba 2000 wenye maji, halafu pulizia laka nyeusi ya kung'aa, mikono miwili myepesi. Iangalie chini ya taa, ukiigeuza taratibu. Ukiona mkwaruzo au shimo, rudi kwenye msasa sasa hivi.

Kwa walio pwani: hewa ikiwa na unyevu mwingi, laka hugeuka na kufanya ukungu mweupe. Puliza mchana wa jua, siyo alfajiri wala baada ya mvua. Ukungu ukitokea, acha ikauke, kisha pitisha thina tupu kwa wepesi siku yenye hewa kavu. Mara nyingi unaondoka.

Imefaulu ukiona sura ya taa kwenye bawa bila kuvunjika-vunjika.

## Hatua ya 4: Fedha

Changanya fedha sehemu moja na thina sehemu moja na nusu. Geji iwe kwenye bar 1. Pitisha mara nyingi nyepesi kuliko mara moja nzito, kwa sababu ikilowa sana chembe za fedha huogelea na kukusanyika kwenye kingo.

Ikishakauka, ziba mabati mawili matatu kwa tepu, tia tone la nyeusi kwenye fedha yako, uyapulizie. Ndege halisi haikuwa na alumini ya rangi moja mwili mzima.

Tumbo la ndege linabaki hivi hivi. Kwenye Shoki nyingi kijani kilipakwa juu tu, na chini ikaachwa alumini tupu, kwa hiyo ukifika hapa nusu ya ndege imeshamaliza.

Acha ikauke saa 24, hata kama imekauka ukiigusa kwa kidole. Fedha ndiyo itakayosuguliwa kesho, na laka changa husuguliwa hadi plastiki.

## Hatua ya 5: Kitambaa siyo bati

Vipande vinavyosogea vya kuongozea Shoki, yaani aileroni za mabawa, eleveta na usukani wa mkia, vilifunikwa kwa kitambaa, siyo alumini. Kitambaa hakina chuma cha kuonekana chini ya rangi. Ukikichunua kikang'aa fedha, umeonyesha kitu ambacho hakikuwepo, na anayeijua ndege atakiona kabla ya kitu kingine chochote.

Vipande hivyo vipulizie laka ya kijivu chenye kijani kidogo, viache vikauke, na ukifika kwenye spree ya nywele uvizibe kwa tepu ili visipate hata tone. Kabla ya kijani, bandua tepu hiyo. Kijani kitashika moja kwa moja na hakitatoka. Kwenye modeli iliyokwisha, bawa lililochunuka linafika kwenye aileroni na uchunukaji unakatika kwenye mstari. Mstari huo mdogo unaifanya ndege ionekane imetengenezwa kwa vitu viwili, kama ilivyokuwa.

## Hatua ya 6: Hinomaru kabla ya kijani

Hinomaru ni duara jekundu, alama ya ndege za Japani. Stika haichunuki. Ukibandika duara jekundu la stika juu ya kijani kilichochunuka, unapata sahani safi juu ya bati lililochakaa. Kwa hiyo duara tutalipaka.

Pima kipenyo kwenye karatasi ya stika za seti. Kata tundu la kipenyo hicho kwenye tepu kwa bikari yenye wembe, na duara lililotoka ulihifadhi. Kama ndege yako ni ya ulinzi wa anga la Japani, yenye mkanda mweupe nyuma ya duara, puliza nyeupe kwanza, acha ikauke, ndipo upulizie nyekundu. Tumia laka. Nyekundu tupu inapiga kelele. Itie tone la kahawia.

Zikishakauka kabisa, funika duara kwa lile ulilohifadhi, na mkanda kwa tepu. Zitakaa zimefunikwa mpaka kijani kipite.

## Hatua ya 7: Spree ya nywele

Pulizia spree ndani ya kikombe kidogo, mbali na moto, uiache dakika kumi gesi itoke. Utaona mapovu yakipungua. Kisha iweke kwenye eabrashi. Ukipuliza moja kwa moja kutoka kwenye kopo, matone yanakuwa makubwa na yanaacha vipele ambavyo kijani kitavionyesha.

Pita mara ngapi? Kijiko chako kilishakujibu. Wengi hufika mara mbili. Ikizidi, kijani hupasuka na kutoka kwa mapande. Iache dakika 15 hadi 20.

Kuanzia sasa vaa glavu na usizivue. Jasho la kidole linatosha kuamsha spree hii, na alama ya kidole gumba itachunuka kabla wewe hujaamua.

## Hatua ya 8: Kijani

Hapa ndipo wale wa kundi la kwanza, ambao kijani chao hakitoki, walipokosea. Walichanganya XF-13 na thina ya laka, kwa sababu inapita laini kwenye eabrashi. Thina hiyo hupenya spree ya nywele, ikaunganisha kijani na fedha iliyo chini, na baada ya hapo hakuna maji yatakayovitenganisha.

Changanya kwa maji: sehemu tatu za maji kwa sehemu moja ya spiriti, na mchanganyiko huo uwe sawa na kiasi cha rangi. Spiriti ile kidogo inasaidia rangi itandae badala ya kujikusanya kama matone. Puliza nyembamba, mapito mawili au matatu, yakipishana dakika chache.

Aina ya akriliki nayo ina maana. Tamiya na zile za Gunze hupasuka vipande vidogo vikali. Zile zinazokauka kama ngozi ya mpira, mfano Vallejo, hutoka kwa utando mrefu. Ni rangi nzuri, ila siyo kwa kazi hii.

Bandua tepu za maduara na mikanda polepole, ukiivuta tepu ijirudie yenyewe, siyo kwenda juu.

## Hatua ya 9: Kuchunua

Kijani kikikauka kwa kuguswa, kwa kawaida nusu saa, anza. Maliza ndani ya saa mbili hivi. Kila saa inayopita akriliki inakaza, na kesho itakuwa mgomo. Zima simu.

Kwanza, ujue ukubwa. Kwenye 1/48, milimita moja ya modeli ni sentimita 4.8 za ndege yenyewe. Kidoa cha milimita tano ni robo mita ya rangi iliyong'oka. Yapo hayo kwenye picha, ila machache, na mahali pake maalumu. Vingi viwe chini ya milimita moja.

Pili, ujue mahali. Rangi haing'oki katikati ya bati lililotulia. Inaanzia ukingoni, kwenye ribiti, kwenye kishikizo, kisha inatembea. Weka picha ya ndege halisi mbele yako na ufuate mpangilio huu:

Mzizi wa bawa ndio mbaya kuliko pote. Hapo rubani alikanyaga kila alipopanda na fundi alipiga magoti. Ruhusu mabaka yaungane.

Kava za injini na vifuniko vya bunduki vilifunguliwa kila siku. Chunua kingo zake na kuzunguka vishikizo, katikati uguse kidogo tu.

Ukingo wa mbele wa bawa ulipigwa na vumbi na mvua. Vidoa vidogo vingi, vikipungua kwenda nyuma.

Vifuniko vya tangi la mafuta: duara dogo lililochakaa, siyo zaidi.

Nyuma ya bodi na karibu na mkia, acha kijani kiwe na afya. Macho yanahitaji pa kupumzika, na ubaya wa mzizi wa bawa unaonekana kwa sababu mkia umesalimika.

Tatu, mkono. Anzia kwenye bawa dogo la mkia, sehemu yake ya bati, ambako kosa halionekani sana. Lowesha eneo la sentimita tatu kwa tatu kwa brashi laini yenye maji ya uvuguvugu. Usimwagie. Hesabu hadi thelathini. Maji yanapenya kwenye vitundu vya rangi na kuilainisha spree.

Chukua brashi fupi ngumu, ikiwa na unyevu tu, udonoe kwa ncha. Usisugue. Kusugua kunatoa mistari, kudonoa kunatoa vidoa. Kipande cha kwanza kikitoka, simama, tazama kimetoka kwa ukubwa gani, ndipo uendelee. Kwa kingo za mabati, tumia kijiti cha meno kilicholoweshwa ncha, ukipite kando ya mstari. Kwa mikwaruzo ya bisibisi karibu na vishikizo, ncha ya sindano, kwa wepesi.

Eneo likikutosha, likandamize kwa kitambaa kikavu papo hapo. Ukiacha maji yamekaa, kuchunuka kunaendelea huku wewe umehamia kwingine. Wale wa kundi la pili, waliopoteza bawa zima, wengi wao walilowesha bawa zima kwa mara moja.

Kila ukimaliza eneo, iweke ndege umbali wa mkono ulionyooka. Ukiona vidoa kabla hujaiona ndege, umezidisha.

Kijani kikigoma: badala ya maji tupu tumia maji sehemu tatu na spiriti sehemu moja, kwenye eneo dogo, ukikausha haraka. Spiriti inalainisha akriliki yenyewe, kwa hiyo kingo hazitakuwa kali, ila kazi itaokoka.

Kikitoka kupita kiasi: kausha, subiri, kisha donoa kijani kwa kipande cha sponji ukiacha nafasi. Kijani cha kiraka kikitofautiana kidogo na cha mwanzo, kiache. Mafundi wa vikosini nao walipaka viraka.

Plastiki ikionekana: gusa kwa fedha ya laka na brashi nyembamba.

Duara jekundu sasa linaonekana jipya mno. Lidonoe kwa sponji yenye fedha kidogo sana, uifute kwenye karatasi kwanza, ukipita pale mistari ya mabati inapokata duara.

Imefaulu ukiweza kuonyesha kwa kidole, kwa kila baka, nani au nini kililisababisha: kiatu, bisibisi, vumbi, mafuta.

## Hatua ya 10: Kufunga, stika na masizi

Iache usiku mmoja ikauke kabisa. Kisha pulizia vanishi ya laka ya nusu mng'ao, mapito mepesi sana. Ya kwanza iwe kama vumbi. Ukilowesha, thina itafufua kila kitu kilicho chini. Vanishi isiyong'aa kabisa usiitumie sasa, inaigeuza fedha kuwa kijivu.

Usibandike stika za namba na alama za mkia kabla ya vanishi. Maji ya stika yataifikia spree ya nywele, na alama itaondoka na rangi yake.

Mistari ya mabati ijaze kwa rangi ya mafuta iliyopunguzwa kwa tapentaini: kahawia nzito kwenye kijani, kijivu kwenye fedha. Ifute kwa kitambaa kufuata upepo, kutoka mbele kwenda nyuma. Masizi ya mabomba ya moshi yapulizie kahawia nyeusi iliyopunguzwa sana, yaanze membamba kwenye bomba na kupotea kando ya bodi.

Ukimaliza, ziba kijani kilichobaki kwa vanishi isiyong'aa, kwa brashi au eabrashi ya karibu, ukiacha mabaka ya fedha yenye mng'ao wake. Ni kazi ya subira. Tofauti ya bati linalong'aa na rangi iliyofifia ndiyo inayoonekana kwenye picha zote za Shoki zilizochakaa.

Bandika miguu, propela na bomba la kupimia mwendo. Bandua tepu ya kioo mwishoni kabisa. Ndege ikishakaa kabatini, vumbi liondoe kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji kisiiguse: vanishi ikiwa na ufa popote, spree ya nywele iliyo chini bado inayeyuka.